SAMORA MACHEL NA HELIKOPTA ZA MRENO: VITA VILIVYOPIGANWA NG'AMBO YA RUVUMA

Leo kijana wenu wa Chidya nawaletea historia ya mtu ambaye jina lake tunalikanyaga kila siku. Ukishuka Posta pale Dar, Sanamu la Askari lipo Samora Avenue. Muulize kijana anayepita pale Samora alikuwa nani, atakwambia rais wa Msumbiji aliyekufa kwa ndege. Basi, imeisha hapo.

Sasa mimi nataka niingie kwa mlango mwingine. Najua wengi wenu mkikaa kijiweni mnapenda kubishana habari za Apache na Mi-24, ipi kali zaidi. Sawa, mbishane. Lakini helikopta ya kivita ilishawahi kufanya kazi hapa hapa jirani, ng'ambo ya mto wetu, miaka ile wazee wetu wakiwa vijana. Na mtu iliyekuwa inamtafuta, yeye na watu wake, ndiye huyu Samora.

Tuanze na mtu mwenyewe. Samora Moisés Machel alizaliwa tarehe 29 Septemba 1933 Chilembene, mkoa wa Gaza, kusini kabisa mwa Msumbiji. Yaani kutoka Ruvuma mpaka kwao ni kuvuka nchi nzima. Familia yake ilikuwa ya wakulima, na waliyaona yote ya Mreno: mwafrika analipwa bei ndogo kuliko mzungu kwa zao lile lile, na ardhi nzuri ya bonde la Limpopo ikagawiwa walowezi waliotoka Ureno. Kaka yake alikwenda migodini Afrika Kusini akafia huko. Samora akasomea uuguzi akafanya kazi hospitalini Lourenço Marques, mji ambao siku hizi ni Maputo. Hapo nako mwuguzi mweusi mshahara wake ulikuwa chini ya mwenzake mweupe, wote wanachoma sindano ile ile.

Mwaka 1963, polisi wa siri wa Mreno wakimnyatia, akatoroka. Alipita Swaziland na Afrika Kusini mpaka Botswana, ambako alipata nafasi kwenye ndege iliyobeba vijana wa ANC, akafika Tanganyika. Frelimo ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu iundwe Dar es Salaam chini ya Eduardo Mondlane. Samora hakutaka kwenda kusoma Ulaya, alitaka bunduki. Akapelekwa Algeria kwa mafunzo, akarudi akapewa kambi ya Kongwa, kule Dodoma.

Vita vilianza rasmi tarehe 25 Septemba 1964, kwa shambulio la Chai, Cabo Delgado. Waliosoma jiografia wanajua, lakini kwa msomaji wa mbali niseme hivi: ukipanda Newala ukasimama pale Shimo la Mungu, chini unaona bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Huko nako kuna uwanda kama huu wetu, uwanda wa Mueda, na waliopo ni Wamakonde kama wa huku. Mpaka ni wa wazungu, shangazi na binamu wapo pande zote. Kwa hiyo vita vya Frelimo huku kwetu vilikuwa vita vya nyumba ya pili. Wakimbizi walivuka kwa maelfu, wengine wakawekwa Rutamba kule Lindi. Majeruhi walitibiwa Mtwara kwenye hospitali ya Frelimo iliyoitwa Américo Boavida.

Na jeshi lenyewe lilipikwa Nachingwea. Waingereza waliacha pale mashamba ya mradi wao wa karanga uliokufa, na Frelimo wakapata kambi kubwa. Walimu wengine walikuwa Wachina. Mkuu wa jeshi, Filipe Magaia, aliuawa Oktoba 1966 kwa risasi ya mtu wa upande wake mwenyewe, na nafasi yake akapewa Samora. Mondlane naye akalipuliwa na bomu la kifurushi Dar tarehe 3 Februari 1969. Mwaka 1970 Samora akawa rais wa Frelimo. Mwuguzi wa Gaza ndiye bosi wa vita vyote, ana miaka 36.

Haya, sasa helikopta. Mnaosubiri hapa sogeeni.

Chombo kinaitwa Alouette III, kimetengenezwa Ufaransa. Jina hilo kwa Kifaransa ni la kindege kidogo kinachoimba. Iliruka mara ya kwanza Februari 1959. Ureno iliagiza zaidi ya 100 kwa ajili ya vita vyake vitatu vya Afrika, yaani Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Usiifikirie kama Apache. Ni kitu kidogo chenye pua ya vioo vitupu, watu saba tu wanaenea pamoja na rubani. Injini ni moja, aina ya Artouste, ya mzunguko wa gesi kama ya jeti, imekaa nje nyuma ya chumba cha watu, huna haja ya kufungua boneti kuiona. Mapangaboi matatu yanazunguka upana wa mita 11. Kasi ya mwisho ni kama kilometa 210 kwa saa. Tangi linachukua lita 575 za mafuta, na ukiyajaza unakaa angani chini ya saa tatu.

Iliyokuwa inabeba askari ilichukua watano hivi na silaha zao. Zilikuja kadhaa kwa pamoja, zinashusha watu haraka upande huu na upande ule wa kambi ya wapiganaji, kisha zinaondoka. Na katikati yao ilikuwepo moja ambayo haikubeba askari. Ndiyo hiyo ya kushambulia.

Hii ilifungwa mzinga wa milimita 20, ukatokeza mlango wa kushoto. Mzinga wenyewe ulikuwa wa Kijerumani, MG 151, ule ule uliofungwa kwenye ndege za Hitler enzi za Vita Kuu ya Pili. Yaani silaha iliyotengenezwa kupigana na Waingereza angani ikaja kupiga watu kwenye mihogo. Ulifyatua risasi kama 700 kwa dakika, na kila risasi ililipuka inapotua. Wareno wenyewe waliipa helikopta hiyo jina la yule mbwa mwitu mbaya wa hadithi za watoto. Rubani aliizungusha kwa duara kuelekea kushoto, ili mpiga mzinga aliyekaa mlangoni aone sehemu moja muda wote. Ukiwa chini, popote unapokimbilia, yeye anakuona ubavuni. Si mchezo.

Lakini angalia na vifaa vyake vingine. Rada haina. Kifaa cha kuona usiku haina. Kombora la kujiongoza haina. Ina redio, dira, ramani mapajani mwa rubani, na macho ya watu wawili. Deraya kama ya kifaru haina, maana kila kilo ya chuma unayoongeza inakula mafuta au risasi. Hapo ndipo naona siri yote ya vita hivi ilipo. Helikopta ile ilikuwa kali mchana, jirani na mafuta yake, na ikishajua wapi pa kwenda. Usipoiambia wapi pa kwenda, ni feni ghali.

Frelimo chini ya Samora walipigana na hilo. Kwanza mabomu ya kutega ardhini. Barabara za Cabo Delgado zilijaa mabomu mpaka msafara wa magari ukawa unatambaa, askari wanatangulia kwa miguu wanachoma ardhi kwa vyuma kutafuta. Matokeo yake kila mkate, kila barua na kila majeruhi ilibidi apitie angani. Sasa helikopta chache zilizopo zinafanya kazi ya lori na ya gari la wagonjwa, na mafuta yanabebwa mpaka Mueda kwa shida. Ya kushambulia zinabaki ngapi?

Pili, hawakuwa na kambi moja kubwa ya kupigwa ikaisha. Chakula kililimwa na wanavijiji msituni, vijiji vyenyewe vimefichwa chini ya miti. Mizigo ilitoka upande huu wa Tanzania ikavuka Ruvuma kwa mitumbwi, ikaenda kwa vichwa vya watu, siku nyingi za kutembea. Wanawake wengi sana walikuwemo. Mwaka 1967 kikaundwa kikosi cha wanawake, wakafunzwa Nachingwea, wakabeba risasi na bunduki pia. Kwa wasioujua uwanda huu: kichaka chake ni kile kizito cha miiba, mtu akiingia hatua tano humuoni. Na mlio wa helikopta unatangulia mbali. Ukisikia, unazima moto, unakaa kimya chini ya kichaka.

Sisemi ilikuwa rahisi. Watu walikufa, vijiji vikachomwa, mashamba yakamwagiwa sumu na mabomu ya moto. Na huku kwenye uwanda maji ni shida mpaka mseme, mtu lazima ashuke bondeni kuyafuata. Mtu mwenye ndoo njiani hana kichaka cha kumficha kila mahali.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 1970. Kamanda wa Wareno alikuwa Jenerali Kaúlza de Arriaga, mtu aliyeamini sana mbinu za Wamarekani kule Vietnam: piga kwa ndege na mizinga, shusha askari kwa helikopta, maliza. Tarehe 1 Julai 1970 akaanzisha operesheni iliyoitwa Fundo la Gordio, kutoka ile hadithi ya Alexander Mkuu aliyeshindwa kufungua fundo akalikata kwa upanga. Askari 8,000 na ushei, ndege, mizinga, magreda ya kufyeka msitu, na helikopta. Shabaha ilikuwa kambi kubwa za Frelimo kwenye uwanda wa Mueda, mojawapo ikiitwa Gungunhana, jina la mfalme wa Gaza, kwao Samora.

Kambi walizifikia. Wakakuta nyingi zimeshahamwa. Wapiganaji wamegawanyika vikundi vidogo, wengine wamevuka Ruvuma kuja huku. Jenerali akatangaza ushindi, na kwa ramani alikuwa na haki, maana bendera yake ilipepea kwenye vituo vile. Ila askari wake wengi walikuwa wamebanwa kaskazini wakati Frelimo wanaendelea kupanuka Tete, jirani na bwawa la Cahora Bassa lililokuwa linajengwa, na mwaka 1972 wakafika Manica na Sofala, katikati ya nchi. Fundo lilikatwa huku, likafungwa kule.

Kati ya yote haya kuna jambo la nyumbani kwake. Mei 1969 Samora alimuoa Josina Muthemba, mpiganaji wa kile kikosi cha wanawake. Harusi ilifanyika Tunduru, mkoa wetu jirani wa Ruvuma. Wakapata mtoto wa kiume. Tarehe 7 Aprili 1971 Josina akafariki Dar kwa ugonjwa, na hakuwa na umri wa kusema amezeeka, miaka 25. Siku hiyo mpaka leo Msumbiji ni siku ya wanawake. Samora akarudi Nachingwea, kazi ikaendelea.

Mwisho wa ubabe wa Mreno angani uliletwa na kitu kinachobebwa begani. Warusi walitoa kombora linaloitwa Strela. Mtu mmoja analiweka begani, analielekeza kwenye ndege, kichwa cha kombora kinanusa joto la injini na kulifuata. Guinea-Bissau walianza kuangusha nazo ndege mwaka 1973. Msumbiji zikaonekana mwaka 1974. Aprili ya mwaka huo ndege aina ya Dakota iliyokuwa imebeba maofisa wa kijeshi wa nchi za nje ilipigwa huko kaskazini, injini moja ikafa, ikafanikiwa kutua. Hebu fikiria umewaalika wageni uwaonyeshe unavyoshinda, halafu linatokea hilo.

Tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi wa Ureno wakaipindua serikali yao wenyewe, wamechoka. Tarehe 1 Agosti 1974 kituo cha Omar, karibu na mpaka wetu, kilizingirwa na Frelimo, na Wareno zaidi ya 130 wakajisalimisha wakaletwa Nachingwea. Mkataba ulisainiwa Lusaka tarehe 7 Septemba. Mei 1975 Samora akavuka Ruvuma kutokea huku Tanzania, akasafiri nchi nzima akihutubia mpaka Maputo, na tarehe 25 Juni 1975 akatangaza uhuru.

Hadithi nyingi zinaishia hapa, watu wanapiga makofi. Mimi naona hapa ndipo inapokuwa ngumu.

Maana helikopta ile ile ilimfuata ikulu. Makaburu wa Rhodesia walikuwa na Alouette III zao, zenye mzinga ule ule wa milimita 20 ukitokeza mlango wa kushoto. Samora aliwapa hifadhi wapigania uhuru wa Zimbabwe, kama Nyerere alivyompa yeye. Tarehe 23 Novemba 1977 Warhodesia wakavuka mpaka kwa ndege na helikopta wakapiga kambi za ZANU huko Chimoio, siku chache baadaye Tembue. Waliokufa walizidi elfu moja, na humo walikuwemo wakimbizi na watoto. Jeshi letu la Tanzania lilipeleka vikosi kumsaidia Samora miaka hiyo, na kuna familia za Mtwara na Lindi zinalijua hilo vizuri.

Halafu ikaja Renamo, waasi waliolelewa na Rhodesia na baadaye Afrika Kusini. Sasa mambo yakageuka. Renamo ndio wapo msituni, serikali ya Samora ndiyo yenye ndege. Kutoka Urusi zikaja Mi-24. Hiyo ndiyo mashine hasa mnayoibishania: injini mbili, kasi ya zaidi ya kilometa 300 kwa saa, bunduki ya midomo minne puani ya milimita 12.7, maroketi kwenye mabawa, deraya ya kumkinga rubani, na bado ina nafasi ya askari wanane tumboni. (Ile mliyoiona kwenye Rambo ya tatu haikuwa Mi-24, ilikuwa Puma ya Ufaransa iliyopachikwa mabawa. Samahani kwa kuwaharibia.)

Ukiiweka Mi-24 pembeni ya Alouette ni kama basi la Scania pembeni ya bajaji. Na bado haikumaliza vita. Renamo walichoma vijiji, wakakata barabara, wakaua raia kwa ukatili ambao siwezi kuufananisha na Frelimo ya 1970. Ila swali la rubani lilibaki lile lile: niende wapi? Nchi ni kubwa, mafuta ni ya kuagiza, mafundi ni wachache. Machi 1984 Samora akalazimika kukaa meza moja na P. W. Botha wa Afrika Kusini, wakasaini mkataba wa Nkomati wa kutosaidiana na maadui wa kila mmoja. Wapo wanaomlaumu kwa hilo mpaka leo. Kwa maoni yangu hakuwa na njia, na Botha wala hakuutimiza.

Tarehe 19 Oktoba 1986 Samora alikuwa Mbala, Zambia, kwenye mkutano wa marais. Jioni akapanda ndege yake ya Tupolev Tu-134 yenye marubani wa Kirusi kurudi Maputo. Usiku, ikikaribia, ndege ikakata kona kulia, nyuzi 37, wakati Maputo ilikuwa mbele. Kona hiyo ilifuata mawimbi ya redio ya kituo cha kuongozea ndege. Kituo kipi, ndiyo kesi yenyewe. Marubani wakaanza kushuka wakitafuta taa za uwanja, wakadhani zimezimwa. Ndani ya ndege kulikuwa na kengele ya kuonya kwamba ardhi iko karibu. Ililia sekunde 32 kabla ya kugonga. Hawakupandisha ndege. Ikapiga kilima cha Mbuzini, upande wa Afrika Kusini, karibu na mipaka ya Msumbiji na Swaziland. Samora akafa pamoja na wengine 33, na majeruhi mmoja akafariki baadaye.

Tume ya Afrika Kusini iliyoongozwa na Jaji Margo ilisema ni uzembe wa marubani. Warusi walisema kulikuwa na kituo cha uongo kilichorusha mawimbi kuwapoteza. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Askofu Tutu ililiangalia tena, ikaona maswali hayajajibiwa na uchunguzi uendelee. Mpaka leo hakuna aliyeshtakiwa. Hoja ya kengele ni nzito dhidi ya marubani, sikatai. Lakini kengele haijibu kwa nini ndege ilikata kona.

Pale Mbuzini lilijengwa kumbukumbu, na Mandela akalizindua Januari 1999, mkewe Graça akiwa ndiye aliyekuwa mjane wa Samora. Ni mabomba 35 ya chuma yamesimamishwa, moja kwa kila aliyekufa, yamechongwa ili upepo ukipita yalie.

Wadau wa Newala, Masasi, Nanyumbu na Tandahimba, wazee waliovusha mizigo ya Frelimo kwa mitumbwi wanazidi kupungua. Mwenye babu au bibi anayekumbuka mlio wa zile Alouette ng'ambo ya mto, amuulize zilikuwa zinakuja saa ngapi na watu walikuwa wanajificha wapi, kisha aandike hapo chini kwenye maoni. Majina ya watu msiweke, habari yenyewe inatosha. Na wa Mi-24 dhidi ya Apache, haya, uwanja wenu, ila bila matusi.